Kodi ya Simiyu na Akaunti za Ng'ambo

Kubadilishana taarifa za akaunti kwa ajili ya kodi ni utaratibu unaozitaka benki za nchi moja kuwatambua wateja wanaoishi nchi nyingine na kupeleka habari zao kwa mamlaka ya mapato. Mamlaka hiyo huzituma kila mwaka, bila kuombwa, kwa mamlaka ya nchi anakoishi mteja. Kiwango kinachotumika duniani kiliidhinishwa mwaka 2014 na taarifa za kwanza zikatumwa mwaka 2017. Haja yake ni ya zamani zaidi, na mkoa wa Simiyu unaidhihirisha vizuri: mali ya wakulima wake imekuwa wazi mbele ya mtoza kodi kwa zaidi ya miaka 100, na ni mbunge wa Bariadi aliyewafanya Watanzania wengi walisikie jina la Jersey.

Mkoani humo, kuanzia Kimali hadi Bariadi na Maswa, utajiri wa kawaida ni ng'ombe na pamba. Vyote viwili havifichiki. Utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, ikihesabiwa kwa rupia, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kufanya kazi. Waingereza walipochukua nchi walitunga sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922, na baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 ukusanyaji ukawa mikononi mwa watemi wa Usukuma na wanangwa wao, yaani wakuu wa vijiji. Mwanangwa hakuhitaji uchunguzi wowote. Aliijua kila kaya, nani ameoa, nani ameongeza nyumba, nani amehama. Aliyelipa alipewa tiketi, na kutembea bila tiketi kulikuwa kujitafutia matatizo.

Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, lakini katika miaka ya 1980 halmashauri zilirudi na kodi ya maendeleo, ambayo vijana wengi wa vijijini waliikimbia kila mgambo walipopita. Nayo ilifutwa mwaka 2003. Uliobaki imara ni ushuru wa mazao. Mkulima hupeleka pamba yake kwenye chama cha msingi, inapimwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa, na mnunuzi hulipa ushuru wa halmashauri kulingana na manunuzi yake. Mwaka 2017 kiwango cha ushuru wa mazao ya biashara kilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Nguvu ya kodi hii haitokani na ukali wa mtoza kodi. Inatokana na mtu wa tatu, yaani mnunuzi, kuwa na kumbukumbu ambayo mkulima hawezi kuibadilisha.

Fedha zilizowekwa nje ya nchi hazikuwa na mtu wa tatu wa namna hiyo. Sheria ya benki ya Uswisi ya mwaka 1934 ilifanya kutoa siri ya mteja kuwa kosa la jinai, na visiwa vidogo kama Jersey vikajenga uchumi wao juu ya usiri, kodi ndogo na kampuni za kushikilia mali za wageni. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mkaazi wa Tanzania alipe kodi kwa mapato yake hata yaliyopatikana ng'ambo, lakini kuandika hivyo katika sheria ni jambo moja, kuyaona mapato yenyewe ni jingine. Chombo kilichokuwapo ni mikataba ya kuzuia kutoza kodi mara mbili. Tanzania ilikuwa nayo na nchi chache tu, miongoni mwao Zambia, India, Italia, Afrika Kusini na nchi za Skandinavia. Kwa kawaida taarifa zilitolewa kwa maombi: mamlaka ilipaswa kwanza kumjua mtu inayemtafuta na kueleza sababu ya kumtilia shaka. Asiyeshukiwa hakuulizwa.

Udhaifu huo ulionekana wazi mwezi Aprili 2008. Wachunguzi wa Uingereza waliokuwa wakifuatilia rada ambayo kampuni ya BAE Systems iliiuzia Tanzania walikuta akaunti yenye zaidi ya dola milioni 1 huko Jersey ikihusishwa na Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa zamani wa Serikali, mbunge wa Bariadi Magharibi na wakati huo Waziri wa Miundombinu. Chenge alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, akaziita vijisenti, kisha akajiuzulu uwaziri. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo hilo, na kuwa na akaunti nje peke yake si kosa la kodi. Jambo la kuangaliwa ni njia ambayo habari ilipita. Ilianzia kwa wachunguzi wa jinai wa nchi ya tatu na kuwafikia wananchi kupitia magazeti. Hapakuwa na utaratibu wowote wa Jersey kuiarifu Dar es Salaam kila mwaka juu ya akaunti za wakaazi wa Tanzania. Baadaye BAE ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa Tanzania kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule za msingi.

Suala hilo lilirudi mwaka 2012, takwimu za Benki Kuu ya Uswisi zilipozua mjadala kuhusu fedha za Watanzania zilizoko huko. Mwezi Novemba, Bunge lilipitisha hoja ya mbunge Zitto Kabwe iliyoitaka Serikali ichunguze. Mjadala ulikwama haraka kwenye majina: waliodai walitakiwa kuyataja, nao wenye uwezo wa kuyajua walikuwa mabenki ya Ulaya. Ni vigumu kupata mfano bora wa upungufu wa taarifa za kuombwa.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa mataifa yaliyokuwa na nguvu ya kulazimisha. Mwaka 2009 benki ya UBS ilikubali kuilipa Marekani dola milioni 780 kwa kuwasaidia Wamarekani kukwepa kodi, na mwezi Aprili mwaka huo viongozi wa G20 waliokutana London walitangaza kwamba zama za siri za benki zimekwisha. Mwaka 2010 Marekani ikapitisha sheria ya FATCA, inayozilazimisha benki za kigeni kuripoti akaunti za Wamarekani la sivyo zikatwe kodi kwenye mapato yao yanayotoka Marekani. Nchi nyingine zikadai haki hiyohiyo. Shirika la OECD likaandaa kiwango kimoja cha kuripoti, na tarehe 29 Oktoba 2014 nchi na maeneo 51 yakatia saini makubaliano mjini Berlin. Jersey ilikuwa miongoni mwao.

Utendaji wenyewe unaanzia dirishani. Anayefungua akaunti hujaza fomu ya kueleza nchi anakolipa kodi, namba yake ya mlipakodi, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Akaunti za zamani hupekuliwa pia, na zile za watu binafsi zinazozidi dola milioni 1 hupekuliwa kwa kina zaidi. Kampuni isiyofanya biashara halisi haiachwi ijifiche: benki hutakiwa kumtafuta binadamu anayeimiliki. Mwisho wa mwaka benki huripoti salio, riba, gawio na mapato ya kuuza dhamana, kisha mamlaka hubadilishana taarifa hizo kufikia Septemba ya mwaka unaofuata kupitia mfumo uliofungwa kwa usimbaji. Mwaka 2019 taarifa za akaunti milioni 84 zenye takriban euro trilioni 10 zilibadilishwa.

Afrika Mashariki imeingia polepole. Nchi zinazoendelea zisizo na vituo vya kimataifa vya fedha hazikulazimishwa kutaja tarehe ya kuanza, uamuzi ulioonekana kuwa wa huruma lakini ulioziacha nje wakati taarifa zikianza kutiririka. Nchi haipokei kitu mpaka ithibitishe kwamba sheria zake na mitambo yake inalinda siri za walipakodi, na benki zake nazo zinaweza kuripoti akaunti za wageni. Uganda ilitia saini mkataba wa pande nyingi wa kusaidiana katika kodi mwaka 2015, na Kenya mwaka 2016. Kenya iliingiza kiwango cha OECD katika sheria zake mwaka 2021 na kutoa kanuni mwaka 2023. Tanzania nayo ni mwanachama wa jukwaa la kimataifa linalosimamia uwazi huu.

Bado kuna mianya. Marekani inapokea taarifa nyingi kupitia FATCA lakini haijajiunga na kiwango cha OECD. Nyumba iliyonunuliwa Dubai, dhahabu iliyofungiwa kwenye sanduku na kazi za sanaa si akaunti za fedha, kwa hiyo haziripotiwi. Kwa sarafu za kidijitali umeandaliwa mfumo wa pekee, ambao nchi za mwanzo zimepanga kuanza kubadilishana taarifa zake mwaka 2027.