Pua Iliyopinda, Kichwa Kinachouma: Nani Apasuliwe?

Mgonjwa aliyeteswa na kichwa kwa miaka, akaonyeshwa kwenye picha ya CT ukuta wa kati wa pua uliopinda hadi kugusa kinyama cha pembeni kiitwacho turbineti, huona amepata jibu. Hatimaye kuna kitu cha kunyooshea kidole. Ninadai kwamba picha hiyo, hata ikisindikizwa na jaribio la ganzi, haitoshi kumlaza mtu kwenye meza ya upasuaji kwa sababu ya kichwa.

Nadharia yenyewe si ya kubeza. Neva ya tano ya fuvu hubeba hisia za utando wa pua na pia za utando unaofunika ubongo. Katika miaka ya 1940, Harold Wolff na wenzake walichokoza sehemu za ndani ya pua za watu walio macho, na maumivu yakasikika mbali na pale palipoguswa. Kwa hiyo inawezekana pua ikaumiza kichwa. Swali ni kama ndiyo inayomuumiza mgonjwa huyu.

Hapo ushahidi unalegea. Mwaka 2001 Abu-Bakra na Jones walilinganisha wagonjwa wa kliniki ya pua wenye maumivu ya uso na wasio nayo: mguso wa namna hiyo ulipatikana kwa takriban asilimia 4 katika makundi yote mawili. Miongoni mwa wenye mguso walioumwa upande mmoja, nusu walikuwa nao upande usiouma.

Watetezi wa upasuaji hukimbilia jaribio la ganzi. Daktari huchovya pamba kwenye lidokeini, huiweka pale panapogusana, kisha wote wawili husubiri dakika chache. Maumivu yakiyeyuka, mgonjwa huinuka akiamini kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 1996 Maizels na wenzake waliwatilia puani lidokeini watu wenye kipandauso, na asilimia 55 walipata nafuu ya angalau nusu ndani ya dakika 15, dhidi ya asilimia 21 ya waliotiwa maji ya chumvi. Basi ganzi hutuliza hata kichwa ambacho pua haikukianzisha. Kinachothibitishwa ni njia ya neva, wala si kosa la ukuta.

Kipandauso, kwa kweli, ndicho mshukiwa wa kwanza. Katika utafiti wa Schreiber na wenzake wa 2004 uliohusisha watu karibu 3,000 wa Marekani walioamini, au walioambiwa na daktari, kwamba wana kichwa cha sainasi, yaani kitokanacho na mashimo ya hewa yaliyo kando ya pua, asilimia 88 walikuwa na dalili za aina ya kipandauso. Hawakuwa wajinga. Shambulio la kipandauso huweza kuziba pua, kutoa makamasi na machozi, na kukandamiza paji la uso. Nani asingeshuku pua? Kuna pia wanaomeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, na dawa zenyewe zikawa chanzo cha kichwa kisichokoma. Mtu wa namna hiyo, hata ukuta wake ukinyooshwa kama rula, atarudi na kichwa chake.

Kwa hiyo, kabla ya kisu, mgonjwa aandike siku za maumivu, upande, kichefuchefu, karaha ya mwanga na kila kidonge alichomeza. Apewe kinga ya kipandauso, kama propranololi au amitriptilini, kwa dozi na muda wa kutosha. Wiki mbili si jaribio. Akibaki na maumivu ya upande mmoja, yanayolingana na mguso wa upande huo huo na yanayopanda na kushuka pamoja na kuziba kwa pua, upasuaji unaweza kujadiliwa kwa haki.

Na mwenye pua iliyoziba kweli anastahili kupasuliwa ili apumue, hilo sina ubishi nalo. Lakini fomu ya ridhaa iseme hivyo: tunafungua njia ya hewa, kuna hatari ya kutokwa damu au ukuta kutoboka, na kuhusu kichwa hatuahidi kitu.