Lushoto: Mapumziko ya Nani?

Ukiiacha barabara kuu pale Mombo, gari linapanda kilomita zipatazo 33 za kona kali kabla ya kufika Lushoto, mji mdogo wa Usambara Magharibi, Tanzania. Uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna ukungu na baridi, nyumba za wageni haziishi, na mgeni lazima apelekwe Irente akaone tambarare iliyo chini ya genge. Mji wa kupumzika, basi. Lakini ni nani alikuwa akipumzika?

Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Pwani ilikuwa joto na malaria. Huku juu Mzungu alilala vizuri. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ikawa nyepesi. Waingereza walipoitwaa nchi, wakubwa wao nao wakawa wanapanda huko kukimbia joto.

Ila milima ile haikuwa tupu. Washambaa walikuwa na ufalme wao chini ya ukoo wa Wakilindi, makao yakiwa Vuga. Kazi ya mfalme ilikuwa kuiponya nchi, kwa Kishambaa kuzifya shi: mvua inyeshe, chakula kipatikane. Kuiharibu nchi waliita kubana shi. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Hapo kila mtu alielewa nchi imepata mwenyewe mpya.

Sisi wa Mugutha, Ruiru na Thika, tuliokulia kando ya mashamba ya kahawa ya walowezi, hadithi hii tunaijua. Sehemu ya ardhi ikawa mashamba ya walowezi, nyingine msitu wa serikali, na wenyeji wakabanana kwenye miteremko. Udongo ulipoanza kuporomoka, lawama akabebeshwa mkulima. Mwaka 1946 Waingereza wakaanzisha mpango wa Mlalo, kaskazini mwa Lushoto: watu wachimbe matuta mashambani, na anayekataa aadhibiwe. Mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama, maana ndio waliolima chakula. Jasho lilikuwa jingi, mavuno yale yale. Tena watu waliogopa kwamba shamba likishapendeza, mlowezi atalitaka.

Wakagoma. TANU ilipokuja, ilikuta watu wameshakasirika, na kufikia mwaka 1957 serikali ikauacha mpango wake.

Leo Lushoto inalisha Dar es Salaam kabichi, nyanya na matunda, na miteremko ile ile ndiyo inayolimwa. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Washambaa walipinga maendeleo, mkumbushe kwamba walikuwa na neno lao la kuiponya nchi kabla Mjerumani hajapanda mlima. Walichokataa ni kuchimba kwa amri, kwenye kipande walichoachiwa, huku waliochukua kilichobaki wakipunga upepo.