Simu ya Mteja na Historia ya Programu Zetu

Wanafunzi wenzangu wa kompyuta hupenda kufuata orodha za lugha zinazotumiwa zaidi na waunda programu duniani. Naona orodha hizo hazitoshi kueleza historia ya Afrika Mashariki. Kwetu, simu iliyo mkononi mwa mteja ndiyo iliyoamua teknolojia.

M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini ya simu, kwa sababu wateja wengi walikuwa na simu ndogo zisizo na intaneti. Mwaka 2008 Ushahidi ilikusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, zikiwemo zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, na kuzionyesha kwenye ramani. Mwaka 2009 MTN ilianzisha huduma ya pesa Uganda. Mwaka huohuo mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa, intaneti ikawa na kasi zaidi. Hata hivyo, menyu za nyota na reli hazikufa.

Hapa Mella, mpakani, sababu inaonekana sokoni. Muuza nyanya anaweza kuwa na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, katika simu moja ya vitufe. Anayejifunza teknolojia mpya pekee atamwacha mama huyu nje. Tujifunze mpya, lakini kwanza tuulize: mteja ameshika simu gani?