Tarehe ya Breki Katika Mwanza

Waandishi wa tarehe ya usafiri katika nchi zetu aghalabu huanza na injini, wakaeleza nguvu zake na mwendo wake, na breki hawaitaji ila pale ajali inapowalazimisha. Lakini Mwanza ni mji wa majabali, vilima vyake vikiteremka kwa ghafla mpaka ukingoni mwa ziwa, na dereva anayeshuka kutoka kilima cha Bugando akiwa na mzigo hana haja ya kuuliza injini yake ina nguvu ya farasi wangapi. Anauliza kama atasimama. Kwa sababu hiyo nimeona ni haki mji huu uandikiwe tarehe yake kwa kuanzia katika kile chombo kilichofichwa ndani ya gurudumu, hasa kwa kuwa kadiri miaka ilivyopita magurudumu yake yalizidi kuwa madogo, na kazi ya fundi wa breki ikazidi kuwa na dhiki.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Lakini baina ya shamba na kinu cha kuchambulia palikuwa na njia za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika, na huko treni haikufika. Vyama vya ushirika vya wakulima vilipoungana mwaka 1955 kuwa shirikisho moja la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake mashuhuri, pamba hiyo ilikuwa ikibebwa kwa malori. Lori la zama hizo, kama ilivyokuwa ada katika miji mingi ya Afrika Mashariki, liliagizwa likiwa chasisi, injini na kichwa, na bodi ya mbao ikaundwa hapa hapa na mafundi, wengi wao Singasinga, waliokusanya useremala na uhunzi katika mikono ile ile. Breki ilikuja pamoja na chasisi, nayo ilikuwa imepimwa kwa uzito aliokadiria mwundaji ng'ambo, ilhali bodi ilijengwa kwa uzito aliotamani mwenye mzigo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ilimwangukia utingo, yule kijana aliyepanda juu ya shehena, ambaye lori liliposhindwa kupanda mlima aliruka chini na gogo mkononi, akalisukumiza nyuma ya gurudumu kabla halijaanza kurudi. Vitabu vya ufundi havimtaji. Mimi namhesabu kuwa sehemu halisi ya breki, tena sehemu iliyookoa roho nyingi.

Huo haukuwa mtihani wa vilima peke yake. Mpaka Daraja la JPM, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, gari lililokwenda Sengerema au Geita kwa njia ya Kigongo na Busisi lilipaswa kuteremka gati, kuingia katika pantoni na kutulia humo juu ya maji, likitegemea hendibreki na pengine gogo lile lile la utingo. Huko dereva aliijua thamani ya breki inayoshika bila ya mguu wa mtu, nayo ni jambo ambalo nitalirudia.

Baiskeli nayo ilienea Usukuma kwa fedha ya pamba. Raleigh ya Kiingereza, kisha Phoenix ya Kichina, na Swala iliyoundwa Dar es Salaam, zilijulikana kwa magurudumu makubwa, na zile za mtindo wa zamani kwa breki za fito za chuma, zilizovuta vipande vya mpira juu vikabana upande wa ndani wa ringi. Breki hii iko wazi, jicho linaiona na mkono unaifikia, na mchukuzi wa samaki kutoka mwaloni aliweza kuirekebisha kwa spana moja. Tena inaushika mduara karibu kabisa na ukingo wake, mbali na mhimili, hata nguvu kidogo ya vidole ikatosha.

Umbali huo kutoka mhimilini ndio asili ya taabu ya gurudumu dogo, maana breki za magari, dramu na diski, hufichwa ndani ya rimu. Dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, hutumia karibu uwazi wote wa rimu, kwa kuwa shuu zake, yaani vipande vinavyoibana, zimo ndani na hupanuka kwenda nje; isitoshe, mzunguko wa dramu wenyewe huivuta shuu ya mbele ikazidi kujibana, na mguu wa dereva ukasaidiwa na gurudumu lile lile unalotaka kulizuia. Diski, sahani ya chuma, ni kinyume chake. Kalipa, yaani koleo linaloibana, huikumbatia kwa nje, basi diski haina budi kuwa ndogo kuliko uwazi wa rimu ili kalipa ipate nafasi, na unene wa kalipa haupungui kwa kadiri ileile gurudumu linavyopungua. Hivyo katika gurudumu dogo diski hunyimwa upana mara mbili, na chuma cha kubeba joto kinakuwa haba.

Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini sifa ya breki hiyo haikuenea mpaka mwaka 1953, Jaguar iliposhinda mbio za Le Mans ikiwa na diski za Dunlop, zilizotoa joto lao hewani, ilhali dramu ikipata moto hutanuka ikajitenga na shuu zake na pedali ikazama. Mwaka 1959 ikatokea Mini, gari la magurudumu ya inchi 10, na mwaka 1961 ilipotolewa Mini Cooper waundaji wake waliweza kuingiza ndani ya magurudumu ya mbele diski za inchi 7 tu. Nyuma walibakiza dramu.

Wako Waingereza wanaonunua gari likiwa vipande na kuliunganisha wenyewe nyumbani, desturi iliyopata nguvu kwa gari la Lotus Seven la mwaka 1957, na miongoni mwao wamo wasiotosheka mpaka magurudumu ya nyuma nayo yapate kalipa za kununua dukani. Nimeyafuatilia mashaka yao kwa mapenzi, maana yanafanana sana na ya gereji zetu. Kalipa hugusa rimu kwa ndani. Ikisogezwa hugonga ekseli au springi. Na ikiisha kukaa vizuri, hendibreki inakosa pa kushika, kwa sababu waya uliokuwa ukivuta shuu hauna tena cha kuvuta, hata ikatafutwa kalipa ya pili kwa ajili ya mkono peke yake. Aidha, gari linapozuiwa uzito wake huhamia mbele, breki ya nyuma ikabaki na kazi ndogo, na magurudumu ya nyuma yakibanwa kupita kiasi huganda kwanza, gari likazunguka na kutanguliza mkia.

Mwanza diski ilizoeleka kwa magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, Corolla na Hiace, aghalabu yenye diski mbele na dramu nyuma. Kisha ikaja bajaji. Nasaba yake inatoka Italia, katika Ape ya Piaggio ya mwaka 1948, na kampuni ya Bajaj ilipewa leseni na serikali ya India mwaka 1959 kuunda vyombo vya magurudumu mawili na matatu. Nchini mwetu kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitolewa mwaka 2010. Rimu zake ni za inchi 8, ndogo kuliko za Mini, na bajaji iliyozoeleka katika njia zetu ina dramu katika magurudumu yote matatu.

Lakini hukumu ya Waingereza, kwamba breki ya nyuma ina kazi ndogo, haisimami hapa. Abiria wa bajaji hukaa nyuma, karibu na magurudumu mawili ya nyuma, na guta, chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, likiwa na magunia ya dagaa limeegemea huko zaidi. Basi katika vyombo hivi breki ya nyuma ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi, na fundi anayeidharau anacheza na roho za watu. Najua kosa la dramu: maji ya masika yakiingia ndani yake hushika kwa kuchelewa, na dereva mwenye hadhari huigusa pedali kidogo kidogo baada ya kuvuka dimbwi ili shuu zikauke. Hata hivyo mimi naitetea. Shuu zikibadilishwa kwa wakati, dramu ikichongwa ikapata mviringo wake, hewa ikatolewa katika mabomba na waya wa hendibreki ukakazwa, dramu katika rimu ya inchi 8 itafanya kazi ambayo diski ndogo itaiweza kwa taabu. Anayetaka kalipa licha ya hayo na avue rimu kwanza, apime uwazi wake kwa ndani, aondoe nafasi ya kalipa, aone diski inayobaki ina upana gani. Na kabla hajakata chuma chochote aonyeshe hendibreki itashika wapi.