Kitabu cha Mwani cha Anna Atkins

Mnamo Oktoba 1843, huko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, Anna Atkins alikamilisha sehemu ya kwanza ya kitabu ambacho hakikupita kwa mpigachapa yeyote. Kilihusu mwani wa Uingereza, na kila picha ndani yake ilichorwa na jua.

Atkins alizaliwa mwaka 1799. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na baba, John George Children, mwanasayansi aliyefanya kazi British Museum. Wasichana wengi wa zama hizo walifungiwa mlango wa sayansi. Huyu alikulia ndani yake. Mwaka 1823, baba yake alipochapisha tafsiri ya kazi ya mwanasayansi Mfaransa Lamarck kuhusu makombe ya baharini, michoro zaidi ya 200 ilitoka mkononi mwa binti.

Mwani, hata hivyo, ulimshinda kuuchora. Nyuzi zake ni nyembamba mno. William Harvey alikuwa ametoa mwongozo wa mwani wa Uingereza mwaka 1841 bila picha, kwa hiyo msomaji aliyeokota jani ufukweni alibaki kulilinganisha na maelezo matupu. Mwaka uliofuata, John Herschel, mwanaastronomia na rafiki wa familia, akagundua njia mpya ya kunasa picha.

Atkins aliichukua na kuitumia katika kitabu chake kwa miaka 10. Alichanganya aina mbili za chumvi za chuma katika maji, akapaka karatasi na kuikausha mbali na mwanga. Juu yake aliulaza mwani mkavu, akaubana kwa kioo, akatoa vyote juani. Karatasi iliposuuzwa kwa maji, palipopigwa na jua pakawa bluu iliyokolea, na mwani ukabaki mweupe kwa ukubwa wake halisi. Hakuna kamera iliyotumika. Majina ya mimea na hata kurasa za utangulizi, zilizoandikwa kwa mkono wake, zilinaswa kwa njia hiyohiyo.

Kila ukurasa wa kila nakala ulihitaji kuanikwa peke yake. Kazi nzima ina picha karibu 400, na nakala zinazojulikana leo hazifiki 20. Hizo pekee ni maelfu ya karatasi, katika nchi yenye mawingu mengi! Baba yake, aliyetunukiwa kitabu hicho, alifariki mwaka 1852, mwaka mmoja kabla hakijakamilika.

Juni 1844, William Henry Fox Talbot alianza kutoa The Pencil of Nature, kitabu kingine chenye picha zilizonaswa kwa mwanga, na kwa muda mrefu sifa ya kutangulia ilikwenda kwake. Naona chanzo kimojawapo ni soko: cha Talbot kiliuzwa, ilhali Atkins aligawa chake kwa marafiki na taasisi za sayansi, akijitambulisha kwa herufi A.A. tu. Mwishoni mwa karne ya 19 mkusanyaji mmoja wa Scotland, William Lang, alidhani herufi hizo zilimaanisha "Anonymous Amateur", yaani mpenzi wa fani asiyetaka kutajwa.

Utafiti wa mwanahistoria wa upigaji picha Larry Schaaf, uliotoka kama kitabu mwaka 1985, ulimrudishia Atkins nafasi yake. Haukuwa utafiti mwepesi. Atkins alikuwa akituma kurasa kwa mafungu, kila mpokeaji akajalidi za kwake mwenyewe, na ndiyo maana nakala hazifanani. Ya Herschel, ambayo sasa iko New York Public Library, haina mpangilio sawa na nyingine.