Upimaji wa umri wa mabaki ya kale (Ziwa Viktoria)

Upimaji wa umri wa mabaki ya kale ni kazi ya kutambua kisayansi kitu kilichochimbuliwa kina miaka mingapi. Mwambao wa Ziwa Viktoria, toka Mwanza hadi Kagera, kipimo kilichozoeleka ni cha kaboni-14, na kipimwacho hasa ni mkaa.

Kiumbe kikiwa hai hupokea kaboni-14. Kikifa hakiongezi tena, na iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mmarekani Willard Libby, aliyebuni njia hii, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Ukivuka miaka 50,000 kipimo kinafika ukingoni. Kwa mabaki ya kale zaidi ya hapo, kama ya Bonde la Olduvai, ilibidi watafiti wapime majivu ya volkano kwa potasiamu na argoni.

Vigae, kama vile vya mtindo wa Kansyore vilivyopatikana Nyang'oma mkoani Mwanza, kwa kawaida huazima umri wa mkaa uliolala navyo. Hapo ndipo penye mtego. Mchwa na mizizi ya migomba huteremsha mkaa wa juzi hadi tabaka la kale. Tena mkaa usichafuliwe: mchimbaji huokota kipande kwa ncha ya mwiko, hakigusi kwa vidole, akakifunga kwenye foili.

Mfano mzito ni Katuruka, karibu na Bukoba. Wazee wa Kihaya walisimulia kuwa Mukama (mfalme) Rugomora Mahe alifua chuma hapo ili ajenge mnara wa kufika mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba miaka ya 1970 alikuta mabaki ya uhunzi na vigae vya mtindo wa Urewe. Mkaa ukaonyesha zaidi ya miaka 2,000, mkongwe kuliko Mukama mwenyewe kwa mbali. Wapo waliopinga tarehe za zamani zaidi, na hoja yao si ya kupuuzwa: kiini cha mti mnene hufa miaka mingi kabla ya shoka, hivyo mkaa wake huonekana mkongwe kuliko moto wenyewe. Isitoshe, kati ya mwaka 800 na 400 KK kaboni-14 ya angani iliyumba, hata vitu vilivyopishana karne kadhaa hutoa jibu lilelile.

Bora kupima kilichoishi muda mfupi, mbegu au jani. Kwa bahati nzuri, wahunzi wa Kihaya walichoma matete ya kinamasi ndani ya shimo la tanuri kabla ya kuyeyusha chuma, na alama za matete hayo bado zinaonekana kwenye mavi ya chuma.