Disiki Ndogo, Bei Kubwa: Nani Anakula Faida?

Mimi nilisoma agronomia, na katika kilimo kuna swali lisilokwisha: kati ya mwenye kuzalisha na mwenye kuweka stoki, nani anakula faida? Jibu moja nimelikuta mbali na shamba, katika historia ya disiki ndogo za punk na grunge. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanazitoa kwenye kabati zao na kuziuza bei ya kushangaza.

Tuanze na disiki yenyewe. Mwaka 1949 kampuni RCA Victor ya Marekani ilitoa disiki ya upana wa sentimita 18 hivi, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Kwa kawaida ilibeba wimbo mmoja kila upande. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya disiki kubwa, njo maana vijana wasio na pesa waliipenda.

Kule Manchester, Uingereza, mwezi wa Desemba 1976, kikundi cha Buzzcocks kilirekodi nyimbo nne. Vijana wale walikopa pauni 500 hivi kwa jamaa na marafiki, wakaunda lebo yao wenyewe, New Hormones. Januari 1977 wakatoa kopi 1,000 za Spiral Scratch, bila kungoja kampuni kubwa iwakubali. Kopi ziliisha mbio, wakachapa zingine, mpaka 16,000 hivi.

Mwaka ule ule, kule London, Sex Pistols walisaini na kampuni A&M mwezi wa Machi. Siku chache tu, mkataba ukavunjwa. Kopi kama 25,000 za God Save the Queen zilikuwa zimekwisha kuchapwa, na karibu zote ziliharibiwa. Kati ya zile chache zilizopona, kuna iliyouzwa zaidi ya pauni 10,000. Lakini wimbo ule ule ulitolewa na Virgin mwezi wa Mei, na kopi hizo hazina bei kama hiyo. Kumbe mnunuzi halipii sauti, analipia uhaba.

Sasa twende Seattle, Marekani. Novemba 1988, lebo ya Sub Pop ilianza klabu: unalipa mbele, kisha unatumiwa disiki kila mwezi. Sisi wa kilimo tungesema ni kuuza mavuno kabla ya kupanda. Disiki ya kwanza ilikuwa Love Buzz ya Nirvana, kopi 1,000 zilizoandikwa namba kwa mkono. Mwaka 1991 albamu ya Nevermind ikajulisha Nirvana dunia nzima. Leo kopi moja ya Love Buzz inauzwa maelfu ya dola.

Penye pesa, waongo hawakosi: kopi za bandia zilitokea. Kwa hiyo mnunuzi anaangalia namba kwenye kava, kiisha maandishi yaliyokwaruzwa ndani ya plastiki karibu na lebo. Kwenye Love Buzz kuna maneno ya kuuliza kwa nini wasibadilishe magitaa yao na mabeleshi. Mimi mtu wa beleshi nilicheka sana! Hali ya disiki nayo inahesabiwa: mikwaruzo au kava iliyopasuka inashusha bei. Tangu mwaka 2000 kuna tovuti ya Discogs, inayoorodhesha toleo moja moja, na muuzaji anaweza kuona kopi zingine ziliuzwa ngapi.

Na mwanamuziki, anapata nini disiki ikiuzwa mara ya pili? Hata senti moja. Sheria ya Marekani inasema ukishanunua kopi halali, unaweza kuiuza tena bila kumlipa aliyeitengeneza. Uingereza, tangu 2006, mchoraji anapata sehemu picha yake inapouzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa. Disiki haimo katika sheria hiyo.

Si sawa na mkulima wetu anayeuza maharagi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu mwenye depo anangoja miezi mitatu? Mwenye depo hakuiba, alikuwa na uwezo wa kungoja. Mzalishaji yeye nguvu yake iko kwenye mauzo ya kwanza. Buzzcocks walishika lebo yao, Sub Pop ikakusanya pesa mbele. Koperative yetu inaweza kufanya vyote viwili: kuwa na depo yake, na kutafuta wanunuzi kabla ya kupanda. Wewe unazalisha nini, na mauzo yako ya kwanza yako mikononi mwa nani?